Haina Maneno, Ina Watu

Mjini Baraka, mashariki ya Kongo, usiku huingia mara mbili. Jua likishazama nyuma ya milima ya Mitumba, giza la kwanza huja na kelele zake: vijana wanaouza nyimbo za kuingiza kwenye memori kadi huongeza sauti za spika, pikipiki hupiga honi, na kwaya mbili za makanisa jirani hufanya mazoezi kana kwamba zinashindania paa moja. Giza la pili huja saa kadhaa baadaye, jenereta ya mwisho inapozimwa. Hapo ndipo mtu husikia maji ya ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mimi mgeni nililipenda hilo giza la pili. Nilikuwa nimetoka Uvira kwa barabara ya taifa namba 5, nikapita Makobola, Swima, Mboko na Nundu, mgongo umepondeka kama muhogo kwenye kinu, na sikutaka kitu kingine ila kimya. Mwenyeji wangu hakukitaka. Ni mzee aliyefundisha kwaya pande zote mbili za ziwa, na nyumba nzima humwita Papa Mwalimu. Kila usiku, watu wakishalala, huiacha redio yake ndogo ya betri ikikoroma kando ya kitanda, hata ikiwa imepoteza stesheni. Nilidhani ni kukosa usingizi kwa uzee. Akanieleza, bila kulikuza jambo, kwamba watu wa huku Fizi hawakulelewa kukiamini kimya. Vyura wakinyamaza ghafla, na mbwa wakaacha kubweka, mtu wa huku hajinyooshi kitandani. Anapapasa viatu vyake viko wapi.

Sikuwa na jibu. Makobola niliyoipita mchana ule nikiwa nalalamikia mashimo ya barabara ni mahali palipouawa mamia ya watu mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999. Nilikuwa nimepita na vipokea sauti masikioni.

Nilichokuwa nikikisikiliza ni albamu ya kunituliza. Naibeba kwenye simu kila safari, kama wengine wanavyobeba dawa ya kichwa. Inaitwa Toto Bona Lokua, ilitoka 2004 kwa lebo ndogo ya Paris, Nø Førmat!, iliyokuwa imeanzishwa mwaka huohuo na Laurent Bizot. Jina lake si fumbo: ni majina ya waimbaji watatu yaliyoketi pamoja kama abiria kwenye benchi moja. Gérald Toto ni mzaliwa wa Ufaransa mwenye asili ya Martinique. Richard Bona ni Mkameruni, na wapenzi wa jazi humjua kwanza kwa gitaa lake la besi. Wa tatu ni Lokua Kanza, na huyo ni wa huku. Alizaliwa Bukavu mwaka 1958, baba Mmongo, mama Mnyarwanda, akahamia Kinshasa angali mdogo. Aliimba kanisani, akapiga gitaa katika bendi ya Abeti Masikini, na katikati ya miaka ya 1980 akafika Paris, alikofanya kazi na Ray Lema na Manu Dibango kabla ya kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 1993. Vijana wa leo wanamjua zaidi kama mmoja wa waliokuwa majaji wa shindano la televisheni la The Voice la nchi za Afrika zinazosema Kifaransa. Mimi namjua kwa wimbo wake uitwao Mutoto. Si mtoto, ni mutoto, kama Kivu inavyotamka, na hiyo u ndogo iliyokaa katikati humweleza mtu wa Bukavu kuliko pasipoti yake.

Katika albamu hii ya watu watatu, maneno karibu hayapo. Kuna silabi za kubuni, vipande vya hapa na pale, lugha ambazo hazina kijiji. Vyombo navyo ni vya kuhesabu, gitaa likigusagusa, ngoma ikijibu kwa mbali. Kilichobaki chote ni koo. Sauti moja inatandika mkeka, ya pili inakuja kukaa, ya tatu inapita juu yao nyembamba kama moshi wa alfajiri unaotoka kwenye paa la nyasi, kisha ile ya kwanza inarudi, mwimbaji yuleyule akijiitikia, na ya pili inajigawa, na ukifika katikati ya wimbo umeshapoteza hesabu. Sikiliza ule unaoitwa Ghana Blues. Usipojua ni wanaume watatu, utaapa ni kijiji kizima kinachorudi kutoka shambani, kimechoka, hakina haraka.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Ukisharekodi sauti moja, unaisikiliza masikioni huku ukiimba nyingine, na mashine inazilaza pamoja. Les Paul na mkewe Mary Ford waliishangaza Marekani kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanamke mmoja akigeuka kikundi. Aliyeifikisha mbali kabisa ni Enya wa Ireland. Katika albamu yake Watermark ya mwaka 1988, yeye na prodyuza wake Nicky Ryan walirekodi sauti yake juu ya sauti yake, tena na tena, mpaka ikatokea kwaya ambayo wanakwaya wote ni mtu mmoja. Dunia ilitulia, na mpaka leo ukisema muziki wa kutuliza, wengi wanawaza yeye.

Nami nimempenda Enya, ila kwa kiasi. Nikikaa naye muda mrefu najiona nimeingia jumba kubwa la vioo, kila upande uso uleule, safi, mzuri, na mwenye nyumba hayuko. Ni utulivu wa mtu aliyefunga mlango. Kwa hao watatu mlango uko wazi. Wao pia wametumia mashine, wao pia wamejirudufu. Sitaki kujifanya kwamba huku ni mikono mitupu na kule ni umeme. Tofauti ni kwamba katika kila tabaka kuna mwingine anayesikiliza. Bona akipanda, Lokua anapunguza. Toto akichelewa kidogo kwa makusudi, wengine wanamngoja. Unasikia adabu. Sijui niiite nini zaidi ya hapo, labda ile adabu ya watu wanaokula sinia moja bila mkono wa mmoja kuziba njia ya mwenzake.

Usiku wa pili nikamwekea Papa Mwalimu. Simu tuliilaza ndani ya sufuria tupu ili sauti ipate kifua. Alisikiliza nyimbo tatu bila kusema kitu, mkono ukipiga pigo gotini. Kisha akatoa hukumu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu: besi ni haba, vijana hawa wote wanapenda kukaa juu. Ni kweli, na katika miaka yote ya kuisikiliza sikuwa nimeiona kasoro hiyo. Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Alisema albamu hii haina maneno, lakini ina watu.

Ili kuelewa uzito wa kauli hiyo inabidi ujue jinsi kwaya inavyofundishwa huku. Watu hawaanzi wote pamoja. Sauti ya kwanza wanapelekwa chini ya mwembe, ya pili wanabaki ndani ya kanisa, ya tatu wanaenda nyuma ya ukuta, ya nne, yaani besi, wanasogezwa mbali kwa sababu wanavuruga wengine. Kila kundi linameza kipande chake kwa wiki nzima. Halafu jioni moja mwalimu anawaita wote ndani, anapiga noti kwenye kinanda au anaitoa kooni mwake, na kwa mara ya kwanza wanasikia wimbo walioujua wiki nzima bila kuujua. Papa Mwalimu anasema wapo waliowahi kulia jioni hiyo, si kwa ujumbe wa wimbo, bali kwa kugundua kwamba ule mstari wao mgumu, usio na ladha, ndio ulioshika nyumba.

Tokeo lake unakutana nalo njiani. Nilimfuata kwa muda mama mmoja aliyekuwa akienda kuchimba mihogo, jembe begani, akiimba. Nilidhani wimbo umepotoka. Ulipanda pasipotarajiwa, ukakaa kwenye noti moja kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, ukashuka nusu hatua, ukanyamaza mahali pasipo na mwisho. Hakuwa amekosea. Alikuwa akiimba sauti ya tatu peke yake. Zile nyingine tatu alikuwa nazo kichwani, anazisikia yeye, mimi sizisikii.

Sasa uichukue kwaya ya namna hiyo, uipige vita. Mwaka 1996 watu wa Fizi walipanda chochote kilichoelea wakavuka ziwa kwenda Kigoma, Tanzania. Novemba mwaka huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu, na humo makanisa yakaanza upya chini ya maturubai. Kwaya haikuvuka ikiwa nzima. Ilivuka kwa jinsi boti zilivyopatikana. Papa Mwalimu alijikuta na wanawake wa sauti ya kwanza wa kutosha makanisa mawili, na besi mmoja tu, tena mwenye kikohozi. Aliandika nyimbo upya kulingana na waliofika. Kuna nyimbo zinazoimbwa mpaka leo, anasema, ambazo zina pengo ndani yake mahali fulani, na vijana wanadhani ndivyo zilivyotungwa.

Halafu mwaka 2005 urejeshaji wa wakimbizi ukaanza, na miaka iliyofuata meli ya Mwongozo ikawa inatoka Kigoma na kutia nanga Baraka ikiwa na watu, magodoro, kuku na spika za kanisa. Wengine walirudi. Wengine walibaki Nyarugusu. Wengine waliitwa kwenye mahojiano, wakapandishwa ndege, sasa wanaishi Marekani na kufyagia theluji mlangoni. Kwaya moja imetandazwa juu ya mabara mawili. Siku hizi wajukuu wa mzee wanatumiana sauti kwa WhatsApp: mmoja anaimba sauti ya kwanza Baraka, mwingine anaongeza ya pili kambini, wa tatu anaongeza yake kwenye jiko la nyumba ya kupanga ng'ambo. Mjukuu mwenye kompyuta anazipanganisha. Nilisikilizishwa moja. Mapigo hayakulingana, huku jogoo anawika na kule friji inanguruma, na mmoja ameanza juu kidogo kuliko wenzake kwa sababu hakuna aliyempa noti ya kuanzia. Kwa mtaalamu wa studio ni takataka. Kwangu ni ndugu wa damu wa ile albamu ya Paris, na sioni aibu kusema kwamba kati ya hizo mbili sijui ipi ilinishika zaidi.

Tusije tukadhani kwamba Kongo ilisubiri mashine ili ijue kupandanisha sauti. Katika msitu wa Ituri, kaskazini mwa Kivu, Wambuti wana uimbaji ambao humo hakuna mtu mwenye wimbo. Kila mmoja ana noti yake moja au mbili na anazitoa kwa zamu yake. Wimbo wenyewe unakaa hewani, kati yao. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliwarekodi wasichana wa Kimbuti katika nyimbo zao za unyago, na mwaka 1977 rekodi hiyo ikawekwa kwenye sahani ya dhahabu iliyofungwa ubavuni mwa vyombo vya anga vya Voyager. Chombo cha kwanza kilishatoka nje ya eneo la upepo wa jua mwaka 2012. Kwa hiyo wakati Ulaya inauza muziki wa anga kama uvumbuzi, sauti za mashariki ya Kongo ziko angani kwelikweli, na hakuna aliyezilipia nauli.

Na kule Kamina, Katanga, tarehe 23 Machi 1958, wavulana na walimu wao waliimba kwa mara ya kwanza misa iliyokuja kuitwa Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ndiye aliyeiongoza kwaya hiyo, ambayo ilikuwa na jina la mfalme Baudouin, na santuri yake ikazunguka dunia. Sehemu ya Sanctus ilisikika katika filamu ya Kiingereza if.... ya mwaka 1968, na vijana wa London wakainunua. Jambo ambalo jalada halikulisema kwa sauti kubwa ni kwamba sehemu kubwa ya misa hiyo waimbaji waliizua wakiwa wamesimama, kila mmoja akijua nafasi yake kutokana na nyimbo za Kiluba alizokua nazo. Nota ziliandikwa baadaye, kutoka kwenye rekodi. Padri alisifiwa kama mtunzi. Wavulana walibaki kuwa kwaya. Hilo linaniuma kila ninapoisikiliza, na bado ninaisikiliza.

Toto Bona Lokua angalau iliandika majina matatu juu ya mlango. Haina ukamilifu. Kuna mahali inakuwa tamu kupita kiasi, kama chai ya harusini, na mtu asiyeipenda anaweza kusema ni muziki wa hoteli ya nyota nyingi, wa watu wanaopenda Afrika ikiwa haisemi neno lolote la kuwakera. Sitambishia sana. Walipokutana tena mwaka 2017 wakatoa Bondeko, yaani undugu kwa Kilingala, kazi ilikuwa nadhifu zaidi na mimi niliisikiliza mara mbili nikarudi kwenye ile ya kwanza. Katika ya kwanza bado wanatafutana. Katika ya pili wameshajua mwenzao atakanyaga wapi, na undugu wenye uhakika namna hiyo ni mzuri kwa wenyewe kuliko kwa msikilizaji.

Wataalamu wana maelezo yao juu ya kwa nini sauti zilizopandana hutuliza. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, wakiongozwa na Björn Vickhoff, waliwapima waimbaji wa kwaya wakakuta kwamba mioyo yao inaongeza na kupunguza kasi pamoja. Hakuna uchawi. Wimbo wenye mistari mirefu huwalazimisha watu kutoa pumzi polepole na kuivuta kwa wakati mmoja, na moyo unafuata pumzi. Nilipomsimulia Papa Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Waswidi hao, aliniuliza, si ndio waliofika Kivu na vitabu vya nyimbo? Na kweli, wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Kivu mwaka 1921, na kanisa la CEPAC lilizaliwa na kazi yao. Miaka tisini na kitu baadaye wajukuu wao wanapima kwa waya walichokuwa wakikifundisha kwa fimbo ya kuongozea.

Mjini Bukavu uimbaji huo umeshakuwa tiba. Katika hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dk. Denis Mukwege mwaka 1999, wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono wanaingia studio pamoja na mtaalamu wa saikolojia na mtayarishaji wa muziki. Wanatunga na kurekodi nyimbo zao wenyewe, kwa mpango unaoendeshwa na hospitali pamoja na shirika la Make Music Matter. Wanachotoka nacho ni wimbo wenye jina lao. Ninachokipenda katika mpango huo ni kwamba mgonjwa haambiwi anyamaze apumzike. Anapewa vipokea sauti, anajisikia mwenyewe, anaongeza sauti nyingine, anajiitikia. Kimya amekuwa nacho cha kutosha.

Usiku wa mwisho kulikuwa hakuna mwezi. Ng'ambo ya ghuba rasi ya Ubwari ilikuwa imezama gizani, na katikati ya maji taa za wavuvi wa ndagala zilijipanga kama mji mwingine usio na barabara. Sauti za wavuvi zilitufikia vipandevipande, mmoja anaita, mwingine anajibu, wa tatu anacheka kwa jambo ambalo halikutufikia. Jenereta ya mwisho ilikuwa imezimwa. Papa Mwalimu hakuiwasha redio yake. Aliniomba ile ya vijana watatu.

Nikauweka wimbo wa L'Endormie, ule wa mwanamke aliyelala. Ulipofika katikati alinishika mkono akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaniambia tena. Mara ya tatu nikamuuliza anatafuta nini, nikidhani anaitunga besi iliyokosekana, maana kooni mwake nilikuwa nimeanza kusikia kitu kikinguruma. Akanyamazisha koo. Akasema nisisikilize noti, nisikilize kabla ya noti, pale pale wanapotaka kuingia. Nikainamisha sikio kwenye sufuria. Mtu mmoja, miaka mingi iliyopita, katika chumba fulani cha Ufaransa, alikuwa amevuta pumzi.

Papa Mwalimu akasema nirudishe tena.